Mikhail Botvinnik: Bingwa Aliyejua Kutumia Usiku

Msomaji mpendwa, kama ilivyo ada ya jarida letu, kila mwaka mmoja wetu huandika maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kututangulia mbele ya haki. Wengi huwaandika wapigania uhuru, machifu wa zamani na watunzi wa vitabu. Mimi nimeonelea nikuletee mtu wa ulimwengu mwingine kabisa, mzee Mikhail Botvinnik wa Urusi, aliyekuwa bingwa wa dunia wa sataranji, ule mchezo ambao sisi vijana tunauita chesi. Huenda ukajiuliza, mtoto wa Kericho aliyezaliwa katikati ya michai amemjulia wapi Mrusi huyo? Subiri kidogo, utaona jinsi maisha yake yanavyotugusa.

Katika chama chetu pana ubishi usiokwisha. Tarakilishi mbili zikishindanishwa kucheza sataranji, je, ni haki mwenye moja kuifungua programu yake na kuirekebisha kabla mashindano hayajakwisha? Kuna wanaosema huo ni wizi mtupu. Kuna wanaosema hata binadamu hujirekebisha, kwa nini mashine inyimwe? Nimemchagua Botvinnik kwa sababu alikaa pande zote mbili za ubishi huu. Alikuwa mchezaji aliyejua kujirekebisha usiku kuliko wenzake, na pia alikuwa mhandisi aliyejaribu kuifundisha mashine kufikiri.

Botvinnik alizaliwa tarehe 17 Agosti 1911 katika kijiji cha Kuokkala, karibu na jiji la St Petersburg. Wazazi wake walikuwa Wayahudi na kazi yao ilikuwa ya meno. Baba alikuwa fundi wa meno ya bandia na mama alikuwa daktari wa meno. Hakuzaliwa akiijua sataranji. Aliifahamu mwaka 1923 akiwa na umri wa miaka 12, alipofundishwa na rafiki wa kaka yake, tena kwa kete zilizotengenezwa nyumbani kwa mkono. Wenzangu wa shule za kutwa, hapo mnasikia? Kete za kuchonga! Siyo lazima uwe na ubao wa kununua Nairobi ndipo uanze.

Miaka miwili tu baadaye, mwezi wa Novemba 1925, bingwa wa dunia wa wakati huo, Capablanca wa Kuba, alifika Leningrad, jina jipya la St Petersburg, akacheza na watu wengi kwa pamoja, akizunguka kutoka ubao mmoja hadi mwingine. Miongoni mwao alikaa kijana Botvinnik mwenye miaka 14. Kumbe mdharau mwiba mguu huota tende. Kijana alimshinda bingwa. Mwaka 1931, akiwa na miaka 20, akawa bingwa wa Muungano wa Kisovieti.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba hakuacha masomo kwa ajili ya mchezo. Alisomea uhandisi wa umeme, akaendelea mpaka mwaka 1951 akatunukiwa shahada ya udaktari wa sayansi za ufundi, na wakati huo tayari alikuwa bingwa wa dunia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alihamishiwa jiji la Perm, akafanya kazi ya nyaya za umeme mkubwa. Wale wanaotuambia kwamba michezo huua masomo wamsome mzee huyu.

Ubingwa wenyewe ulikuja hivi. Mwaka 1946 bingwa Alekhine alifariki akiwa bado na taji lake, kiti kikabaki wazi. Mwaka 1948 wachezaji watano walikutanishwa The Hague na Moscow. Botvinnik alipata alama 14 katika michezo 20, akamwacha aliyemfuata kwa alama 3. Tangu hapo, ukiondoa miaka miwili ya katikati nitakayoieleza, alikikalia kiti hicho mpaka mwaka 1963.

Siri yake ilikuwa nini? Siri yake ilikuwa maandalizi. Watu walifikiri sataranji ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Yeye aliifanya kama mhandisi anavyoikagua mashine yake: hufungua, huangalia, hutafuta kilicholegea, hukaza. Inasimuliwa kwamba baada ya kusumbuliwa na moshi na kelele katika mashindano fulani, alikaa akacheza michezo ya mazoezi na rafiki yake Ragozin huku redio ikinguruma na Ragozin akimpulizia moshi wa sigara usoni. Alitaka kuuzoea udhia nyumbani ili usimshtue ugenini. Pia alichambua michezo yake mwenyewe na kuichapisha, ili wengine wamwonyeshe alipokosea. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, naye alitaka kuzipata za wengine pia.

Sasa tuje kwenye usiku. Zamani mchezo mrefu wa sataranji haukumalizwa siku moja. Baada ya saa kama tano, mchezaji aliyekuwa na zamu aliandika hatua yake kwa siri, ikafungwa ndani ya bahasha, na mchezo ukaahirishwa. Usiku huo kila mmoja alikwenda na wasaidizi wake wakakesha wakiuchambua ubao. Aliyeamka na jibu bora ndiye aliyeshinda. Botvinnik alikuwa fundi wa kazi hiyo ya usiku.

Mfano mkubwa ni wa mwaka 1962 katika jiji la Varna, nchini Bulgaria, kwenye Olimpiki ya sataranji. Botvinnik alikutana na kijana wa Kimarekani, Bobby Fischer, mwenye miaka 19. Huo ndio mchezo pekee wa mashindano waliowahi kucheza wao wawili. Kijana alimbana mzee, akawa na askari mmoja zaidi, na mchezo ukaahirishwa mzee akiwa taabani. Usiku ule wachezaji wa Kisovieti walikaa chini wakatafuta njia ya kutokea, na mmoja wao, Geller, akapata wazo la kujitetea kwa kutumia ngome. Asubuhi Botvinnik alirudi na dawa mkononi, na mchezo ukaisha sare.

Je, hapo alishindana Botvinnik, au ilishindana timu nzima ya Kisovieti? Ukweli ni kwamba sheria iliruhusu. Fischer naye alikuwa na usiku wake. Lakini usiku wa mmoja haukuwa sawa na wa mwenzake, kwa maana mabingwa wengi wa dunia wakati ule walikuwa wenzake Botvinnik.

Haki ya pili iliyomfaa ilikuwa ya kurudiana. Bingwa akishindwa, aliruhusiwa kumwita aliyemshinda ndani ya mwaka mmoja wakacheze tena. Mwaka 1957 Smyslov alimwondoa kitini. Botvinnik alirudi nyumbani, akajichambua, akamshinda mwaka 1958. Mwaka 1960 akaja Mikhail Tal, kijana wa miaka 23 aliyecheza kama moto wa nyikani, akamshinda kwa alama 12.5 dhidi ya 8.5. Wengi walimwimbia mzee nyimbo za kwaheri. La hasha! Mwaka 1961, akiwa na miaka 49, alirudi akamshinda Tal kwa alama 13 dhidi ya 8. Hiyo ndiyo ile miaka miwili niliyoahidi kuieleza. Alijirekebisha kama vile programu inavyorekebishwa. Hata hivyo wengine walilalamika kwamba sheria ile ilimpendelea mwenye kiti: yule aliyetoka kushinda alilazimika kushinda mara mbili. Sheria ilifutwa, na mwaka 1963 aliposhindwa na Petrosian hakukuwa na marudiano. Akaachana na kinyang'anyiro cha ubingwa, na mwaka 1970 akaacha mashindano kabisa.

Usidhani alikaa kibarazani akiota jua. Alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kufundisha. Katika shule yake walipita vijana watatu waliokuja kuwa mabingwa wa dunia: Karpov, Kasparov na Kramnik. Ule mchezo wa Varna aliouchapisha akieleza kwamba ulikuwa sare ya haki, Kasparov aliuchunguza akiwa na miaka 13 hapo hapo shuleni kwa mzee, akaonyesha kwamba Fischer alikuwa bado na njia ya kushinda. Mwanafunzi akamsahihisha mwalimu, na mwalimu hakumchapa! Naomba walimu wetu wapendwa wasininunie kwa sentensi hiyo, natania tu.

Kazi ya pili ilikuwa tarakilishi. Alianzisha programu aliyoiita Pioneer. Watu wengine waliiambia mashine ihesabu kila hatua inayowezekana, hata zile za kipuuzi. Botvinnik aliona huo ni upotevu. Alitaka mashine iangalie hatua chache zenye maana, kama bingwa anavyofanya. Lakini Pioneer haikufikia kucheza na kushinda mashindano. Mashine zenye kuhesabu kwa nguvu ndizo zilizotamba. Njia zake zilitumika kwingine, katika kupanga ratiba ya matengenezo ya mitambo ya umeme. Mzee alikosa alichokitaka akapata kingine chenye manufaa.

Mwaka 1977 alialikwa kama mgeni wa heshima kwenye mashindano ya dunia ya sataranji ya tarakilishi, jijini Toronto nchini Kanada. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo jiwe la pembeni la ubishi wetu. Programu ya Kisovieti iitwayo Kaissa, iliyokuwa bingwa tangu mwaka 1974, ilicheza na programu ya Marekani iitwayo Duchess. Katika hatua ya 34, mfalme wa Kaissa alipewa shaha. Kila mtu ukumbini aliona jibu: msogeze mfalme pembeni. Kaissa ikaitoa ngome yake ilinywe bure. Watu wakashika vichwa. Watengenezaji wake walidhani programu imepata hitilafu. Bingwa Botvinnik naye, akiwa pale pale, aliona kama walivyoona wengine. Kaissa ikapoteza mchezo.

Baadaye wakaiuliza mashine sababu. Kumbe mfalme angesogea, Duchess ingemtoa malkia wake mhanga, na baada ya hatua chache mfalme wa Kaissa angenaswa asiwe na pa kukimbilia. Mashine ilikuwa imeona shimo ambalo ukumbi mzima, pamoja na bingwa wa dunia wa zamani, haukuliona. Ilitoa ngome ili iishi kidogo zaidi.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Kama sheria ingewaruhusu wale wahandisi kuingiza mkono mchezo ukiendelea, wangeikataza mashine hatua ile, na mfalme angeingia shimoni mbio mbio. Ndiyo sababu katika mashindano ya namna hii mwendeshaji kazi yake ni kuingiza hatua za mpinzani tu; haruhusiwi kuishauri mashine. Pale ubao unapowaka moto, mtu huona haraka kosa la mwenzake hata pasipo na kosa.

Botvinnik alifariki jijini Moscow tarehe 5 Mei 1995, akiwa na umri wa miaka 83. Miaka miwili baadaye, Mei 1997, mwanafunzi wake Kasparov alikaa New York mbele ya Deep Blue, mashine ya kampuni ya IBM iliyoweza kupima hali milioni 200 kwa sekunde moja. Mwaka 1996 Kasparov alikuwa ameishinda mashine ya jina hilo kwa alama 4 dhidi ya 2. Safari hii michezo ilikuwa sita, na sheria iliwaruhusu wahandisi kuirekebisha programu kati ya mchezo na mchezo. Katika mchezo wa kwanza, mashine ilicheza hatua moja ya ajabu karibu na mwisho. Mmoja wa wahandisi alieleza miaka mingi baadaye kwamba hiyo ilikuwa hitilafu halisi, na wakaitengeneza kabla ya mchezo uliofuata. Kasparov alishinda mchezo ule lakini akashindwa wa pili, na mwishowe akapoteza kwa alama 2.5 dhidi ya 3.5. Alilalamika sana na kudai aonyeshwe kumbukumbu za mashine.

Unaona mzaha wa dunia? Mwalimu alisifiwa kwa kuutumia usiku. Mwanafunzi akaumizwa na usiku wa wahandisi.

Sasa mimi nasemaje? Nasema Deep Blue haikuiba, kwa sababu hao walikuwa wawili tu, sheria ilijulikana mapema, na Kasparov pia alikuwa na wasaidizi na usiku wake. Alichonyimwa ni kuona. Yeye michezo yake yote ya nyuma ilikuwa vitabuni, wazi kwa kila mtu, lakini michezo ya mazoezi ya mashine hakuwa nayo. Usiku wao ulikuwa na taa upande mmoja.

Lakini mashindano ya wengi ni kitu kingine. Sisi wa huku tunaelewa vizuri tukitumia mizani ya majani chai. Tuseme foleni kituoni ina wakulima ishirini. Baada ya kumi kupimiwa, karani anagundua kwamba mizani inapunguza kilo moja kwa kila mzigo, anairekebisha, kisha anaendelea na kumi waliobaki. Kurekebisha si vibaya. Vibaya zaidi ingekuwa kuiacha. Lakini wale kumi wa kwanza je? Wamechuma tangu alfajiri mvuani na wamekatwa kilo moja moja. Ama wapimiwe upya, ama waandikiwe haki yao. Vivyo hivyo programu ikiwa mbovu katika raundi tatu za kwanza, waliokutana nayo mapema walipata alama za bure. Ikitengenezwa katikati, wanaokutana nayo mwishoni wanakula mwiba. Wote wanaandikwa kwamba walicheza na jina moja, kumbe walicheza na mashine mbili. Kwa hiyo katika mashindano ya wengi, programu ifungwe mpaka hatua nzima iishe, ndipo kila mwenye programu aruhusiwe kuitengeneza kwa siku moja.

Jambo hili si la Wazungu na mashine zao tu. Mwaka jana tulialikwa mashindano ya kirafiki ya siku mbili katika shule fulani ya bweni ambayo sitaitaja. Siku ya kwanza tuliwashinda. Usiku wenyeji walibaki shuleni na mwalimu wao na laptopu, wakaingiza michezo yetu yote mle na kuichambua. Sisi wa kutwa tulirudi makwetu. Nilifika nyumbani giza limeingia, nikakuta ng'ombe hawajakamuliwa, na stima ikapotea kabla sijafungua daftari. Siku ya pili walitushinda mbao zote isipokuwa moja. Hawakuvunja sheria yoyote. Walifanya alichofanya Botvinnik kule Varna. Lakini tangu siku hiyo naelewa kwamba haki haiishii kwenye ubao. Lazima tuulize pia usiku wa kila mmoja ukoje.

Wengine watasema maisha ndivyo yalivyo, mwenye nguvu mpishe. Mimi sikubali. Sheria ya bingwa kurudiana ilikuwa sheria, na ikafutwa ilipoonekana ina upendeleo. Hata desturi ya kuahirisha michezo yenyewe ilikuja kuachwa tarakilishi zilipopata nguvu, maana usiku ungekuwa wa mashine na si wa wachezaji. Sheria hutungwa na watu, na watu wanaweza kuzitunga upya.

Kwa hayo naomba chama chetu kipeleke mapendekezo matatu kwa walimu wanaosimamia michezo ya sataranji ya shule za Kericho na Bomet. Kwanza, mchezo ukianza, simu na tarakilishi ziwekwe mbali, na asiwepo wa kunong'oneza. Pili, mashindano ya kutwa na bweni yaishe siku moja, au kama ni siku mbili, karatasi za michezo ya siku ya kwanza zikusanywe na kutolewa kwa wote kwa pamoja mwishoni. Tatu, baada ya mashindano, kila shule ichapishe michezo yake, ya kushinda na ya kushindwa, kama alivyofanya mzee Botvinnik, ili aliye Londiani na aliye Longisa wajifunze sawasawa.

Botvinnik hakuwa malaika. Alipata msaada wa dola kubwa, na sheria nyingine zilimwegemea. Lakini aliyaweka makosa yake hadharani mpaka mtoto wa miaka 13 akayaona, na mtoto huyo akawa bingwa. Kujirekebisha si dhambi, wenzangu. Dhambi ni kujirekebisha gizani huku mwenzako akidhani bado anacheza na yule yule wa jana.

Kufikia hapo natua kalamu. Mwenye maoni tofauti aje chamani siku ya Alhamisi tubishane kwa hoja. Kete zipo, hata kama ni za vifuniko vya soda. Kwaherini.